Taroti ya Marseille: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikitaja hizi karata maswali yanakuja yale yale, nusu ya watu wanataka kujua kama ni uchawi na nusu wanataka kujua wanunue ipi, kwa hiyo nimeona niyaweke yote sehemu moja. Mimi sio mnajimu wala mpiga ramli, napenda karata tu, tena za zamani, na hii ndo jozi ninayoipenda kuliko zote. Kama umekuja kuuliza utaolewa lini utaondoka mikono mitupu.

Taroti ya Marseille ni kitu gani hasa?

Ni jozi ya karata 78 za mtindo wa zamani wa Ufaransa. Kati ya hizo 56 ni karata za kawaida kabisa, aina nne, yaani vikombe, sarafu, panga na magongo, na kila aina ina 1 mpaka 10 alafu wakubwa wanne: ghulamu, mpanda farasi, malkia na mfalme. Karata tulizozoea zina wakubwa watatu, hapa kaongezeka yule wa farasi. Zinazobaki 22 ndo zinazoleta kelele zote. 21 zina namba za Kirumi na moja haina namba kabisa, inaitwa Le Mat, mwendawazimu anatembea na kifurushi begani huku mnyama anamparura kwa nyuma. Humo ndani utakuta Papa, mfalme wa dola, kijana wa mapenzi, gurudumu la bahati, shetani, mnara unaopigwa na moto wa mbinguni, nyota, mwezi, jua, siku ya hukumu na dunia.

Kitu watu hawakijui ni kwamba hilo ni jina la mtindo, sio la jozi moja. Mafundi wengi wa miji tofauti walitoa michoro ileile kwa zaidi ya miaka 200, huyu anamwigiliza yule, ndo maana ukiweka ya Paris pembeni ya ile ya mji wa Marseille zinafanana kama ndugu lakini hazilingani.

Kwa hiyo imeanzia Marseille?

Wala. Mchezo wenyewe ni wa Italia ya kaskazini, miaka ya 1400 na kitu. Kumbukumbu ya zamani kabisa iliyopatikana ni ya Septemba 1440, karani mmoja wa sheria anaitwa Giusto Giusti aliandika kwenye daftari lake kwamba amempelekea bwana wa Rimini, Sigismondo Malatesta, jozi ya karata za "trionfi", yaani turufu, ndo taroti yenyewe, zilizotengenezwa Florence, zikiwa na nembo ya huyo bwana. Mwaka 1442 hesabu za ukoo wa Este, watawala wa Ferrara, zinaonyesha mchoraji kalipwa kwa kazi hiyohiyo. Jina la tarocchi, yaani taroti kwa Kiitalia, limekuja baadaye, linaonekana 1505 Ferrara, na mwaka huohuo linaonekana pia Avignon kwa lafudhi ya Kifaransa.

Wafaransa waliingia Milano na jeshi 1499 na wakakaa kaa pale kwa vipindi mpaka 1525, na inaaminika wanajeshi na wafanyabiashara ndo waliorudi na mchezo kwao na Uswisi. Jozi za mtindo huu ambazo zimebaki karibu kamili zinaanzia Paris katikati ya miaka ya 1600, ya Jean Noblet. Baada yake kuna Jean Dodal wa Lyon, Madenié wa Dijon 1709, Payen wa Avignon 1713, Héri wa Solothurn Uswisi 1718. Marseille yenyewe inakuja kushika chati kwenye miaka ya 1700, na jozi maarufu kuliko zote ni ya Nicolas Conver, ambayo imeandikwa mwaka 1760. Ukiishika angalia karata ya sarafu mbili, kuna utepe umejikunja kati ya zile sarafu, hapo ndo fundi alikuwa anaandika jina lake.

Jina "Taroti ya Marseille" lenyewe lilikuja kusambaa karne ya 20. Conver angekushangaa ukimwambia.

Sasa hao Waitalia karata walizitoa wapi?

Kwa Waislamu. Hili huwa linawashangaza watu wanaodhani karata ni kitu cha Ulaya. Karata ziliingia Ulaya miaka ya 1370 na kitu, na Florence walikuwa wameshazipiga marufuku 1377, yaani zimefika tu na serikali ishachoka. Istanbul kwenye jumba la Topkapi kuna jozi ya Mamluk, watawala wa Kiislamu wa Misri enzi hizo, zimebaki karata 47, ndefu, zimenakshiwa dhahabu na buluu, hazina sura ya mtu hata moja, maandishi na mapambo tu. Na aina zake ni nne: vikombe, dinari, panga na magongo ya polo, ule mchezo wa mpira juu ya farasi. Wakubwa wake ni mfalme, naibu wa mfalme na naibu wa pili, na Waitalia wa mwanzo karata walikuwa wanaziita "naibi", kwa hiyo huhitaji mtu akueleze zaidi. Polo ilikuwa haijulikani Ulaya wakati huo, wale wakaona fimbo zimepinda pinda hawaelewi ni za nini, wakazigeuza magongo tu basi.

Kikubwa walichoongeza Waitalia ni zile picha 21 na yule mwendawazimu. Hiyo ndo taroti.

Ina undugu na karata zetu za kopa na uru?

Ndio, wa damu. Mreno alikuja pwani na karata za aina zilezile za kusini mwa Ulaya, vikombe, dhahabu, panga na magongo, na majina yake ndo hayo tunayocheza nayo mpaka leo, kopa, uru, shupaza na pau. Picha zimebadilika tukaletewa karata za mtindo wa Kifaransa na Kiingereza zenye mioyo na maua, majina yakabaki. Na turufu nayo ni hivyohivyo, trionfi ya Italia ikawa trunfo ya Mreno ikawa turufu ya kibarazani. Kwa hiyo mzee wa Zanzibar anayepiga meza na kusema "turufu!" anatumia neno walilokuwa wanalitumia Ferrara 1442, sema yeye turufu yake ni aina mojawapo ya zile nne, wao walikuwa na turufu zao pembeni kabisa, 21, za kudumu.

Basi zilikuwa za kuchezea tu?

Ndio, zaidi ya miaka 300. Kuchezea, na mara nyingi kwa hela.

Mtu aliyecheza albastini hawezi kupata tabu hapa. Anayeanza anatupa karata, wengine mnafuata aina ileile, kama huna unalazimika kupiga turufu, mkubwa anakula, mwisho mnahesabu pointi za mlizokula. Turufu zinapandana kwa namba, ya 21 ambayo ni Dunia inamla kila mtu, na ya 1, yule mwanamazingaombwe, ni dhaifu kuliko turufu zote lakini ina pointi nyingi, kwa hiyo raha yote ya mchezo ni kumvusha huyu mdogo mpaka mwisho bila kuliwa. Mwendawazimu hali wala haliwi. Ukiwa umebanwa unamtupa yeye kama udhuru, alafu unamrudisha kwenye zako. Mimi naona aliyefikiria hiyo sheria ya mwendawazimu alikuwa mtu mwenye akili sana na mwenye utani.

Ukishajua hivi hata mpangilio wa picha unaanza kuleta maana. Mwanamazingaombwe wa mtaani yuko chini kabisa, juu yake watawala na Papa, mapenzi yanawashinda watawala, bahati inageuza geuza, kifo kinakula wote hao, shetani juu ya kifo, alafu nyota, mwezi, jua, ufufuo na dunia. Mtu wa 1450 alikuwa anaelewa bila kufundishwa nani anamla nani, hata bila namba, na kweli jozi za mwanzo namba hazikuwepo, ilibidi ukumbuke kichwani.

Nimesikia zinatoka Misri ya Mafarao, ni kitabu cha siri cha makuhani. Kweli?

Uongo, ila ni uongo wenye historia yake na tarehe yake, 1781. Kuna bwana Paris anaitwa Antoine Court de Gébelin, mchungaji wa Kiprotestanti, Mfrimasoni, msomi, alikuwa anaandika vitabu vinene kuhusu ulimwengu wa kale. Siku moja kaenda kumtembelea mama mmoja wa kitajiri kakuta wanacheza taroti, kaangalia zile picha, na kwa maelezo yake mwenyewe ndani ya robo saa alikuwa ameshawafafanulia wote waliokuwepo kwamba hiki ni kitabu cha Wamisri. Robo saa! Akaichapa kwenye juzuu ya nane ya kazi yake, kwamba makuhani walificha hekima yao kwenye mchezo ili isipotee. Alisema hata jina taroti ni la Kimisri maana yake njia ya kifalme.

Shida ni kwamba 1781 hakuna mtu yeyote duniani aliyekuwa anaweza kusoma maandishi ya Mafarao. Msomi wa Kifaransa Champollion alifumbua 1822. Waliposoma hawakukuta njia ya kifalme wala nini. Na ile karata ya mtu aliyening'inizwa kichwa chini, Court de Gébelin aliona haikai vizuri kwenye nadharia yake, akasema mafundi wamekosea wameigeuza, kwamba huyo alitakiwa asimame wima kwa mguu mmoja akiwa mfano wa busara, na akaichora hivyo. Yaani picha imekataa kukubaliana na wewe, unaigeuza picha.

Lakini nisimwonee, bila yeye hizi karata labda zingebaki mchezo wa wazee wa vijijini huko mashariki mwa Ufaransa na mimi nisingezijua.

Nani alianza kutazamia nazo?

Kuna karatasi ya Bologna ya kwenye miaka ya 1750 hivi yenye orodha fupi ya karata na maana zake, hiyo ndo dalili ya mapema kabisa iliyo wazi. Mtu aliyeifanya biashara ni Jean-Baptiste Alliette wa Paris, kaligeuza jina lake kinyumenyume akajiita Etteilla. 1785 akatoa kitabu cha kutazamia kwa taroti, na 1789 akatoa jozi yake mwenyewe aliyoitengeneza makusudi kwa kazi hiyo. Angalia mwaka, mapinduzi yameanza, watu hawajui kesho itakuwaje, mteja hakosekani.

Miaka ya 1850 akaja Éliphas Lévi, mwandishi wa Kifaransa wa mambo ya siri, akaunganisha zile 22 na herufi 22 za Kiebrania na mambo ya Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi. Mengi unayosikia leo kwa sauti nzito ni ya Lévi na waliomfuata.

Ni ushirikina? Ni haramu? Ni dhambi?

Hili naulizwa kuliko yote. Zenyewe ni makaratasi yaliyochorwa. Kutazamia ndo kuna shida kwa dini zetu, Quran kwenye Al-Maida aya ya 90 inataja kamari na mishale ya kupigia ramli kwa pamoja, na Kumbukumbu la Torati 18 nayo haina maneno mengi kwa waaguzi. Kwa hiyo ukizitumia kupigia ramli basi ni ramli kama ramli nyingine, haijalishi imetoka Ufaransa au Sumbawanga. Ukizicheza kwa hela ni kamari. Ukizicheza bila hela au ukiziweka kama sanaa, hapo ongea na shehe wako au padri wako, mimi sio wa kutoa fatwa.

Ninachoweza kusema ni kwamba watu wa dini wa zamani walizilaumu pia ila kwa sababu tofauti na unavyodhani. Kuna mahubiri ya mtawa mmoja wa Italia, nusu ya pili ya miaka ya 1400, anazitaja turufu zote moja moja na kuzilaani. Kilichomuuma ni kamari, na kwamba Papa, malaika na hata Mungu wamewekwa kwenye mchezo wa walevi. Utabiri hata hakuugusa, maana hakuna aliyekuwa anafanya.

Zilikuwa zinatengenezwaje?

Za matajiri wa Milano zilichorwa kwa mkono na kupakwa dhahabu. Jozi maarufu ni ya Visconti-Sforza, ya katikati ya miaka ya 1400, wanahistoria wengi wanasema ni kazi ya Bonifacio Bembo, zimebaki karata 74 zikiwa zimegawanyika kati ya New York, Bergamo na familia moja ya Italia. Nzuri sana, na kwa kweli hazifai kuchezewa.

Za Marseille ni kazi ya karakana. Fundi anachonga ubao wa mti mgumu, karata nyingi kwenye ubao mmoja, anapaka wino mweusi, anabonyeza kwenye karatasi. Mistari meusi ndo hiyo. Rangi zinakuja baadaye kwa stensili, karatasi ngumu iliyokatwa matundu, moja ya nyekundu, moja ya njano, moja ya buluu, kila rangi na stensili yake, kijana anapitisha brashi kubwa haraka haraka, anahamia karatasi nyingine. Stensili ikikaa vibaya kidogo nyekundu ya joho inamwagikia shingoni kwa mfalme, na hakuna anayejali, maana ni bidhaa ya baa hiyo. Baada ya hapo karatasi kadhaa zinagandishwa pamoja zipate ugumu, zinapakwa sabuni na kusuguliwa kwa jiwe mpaka ziteleze vizuri mkononi, alafu zinakatwa kwa mkasi.

Ubao ukichakaa unachongwa mwingine kwa kuangalia karata ya zamani, na hapo ndo mambo yanapobadilika. Kwenye Visconti-Sforza yule mzee wa namba VIIII, yaani tisa, ameshika kipima saa cha mchanga, yeye ni Wakati mwenyewe, mzee kibyongo. Ukifika Marseille kashika taa na anaitwa Mtawa wa pangoni. Mchongaji mmoja mahali flani kaona kitu kimekaa mkononi hakijui, kakifanya taa, na watu wa leo wanaandika kurasa kumi kuhusu mwanga wa ndani wa ile taa.

Mbona michoro yenyewe mibaya? Watu wanapenda nini?

Ukiziona mara ya kwanza ni kweli unaona vichwa vikubwa, mikono imekaa hovyo, farasi wa kwenye gari la vita wanaenda kila mmoja upande wake. Ndo uzuri wenyewe. Chukua Bateleur, yule mwanamazingaombwe wa namba I. Kasimama nyuma ya meza, kofia imejikunja kama namba nane iliyolala, mkono wa kushoto kashika kijiti, wa kulia kitu kidogo cha duara, mezani kuna vikombe, kisu, vidude kama dadu. Hesabu miguu ya meza, utaona mitatu, wa nne hauonekani. Umesahauliwa? Au uko nje ya picha? Macho yake yanaangalia pembeni kabisa ambako mikono haipo, kama watu wote wa kazi ile wanavyofanya wakitaka uangalie kwingine.

Au Mwezi. Mbwa wawili wanabweka, matone yanapanda juu badala ya kushuka, minara miwili nyuma, na mbele kwenye dimbwi kuna mdudu kama kamba mkubwa anayetokea majini. Hakuna mtu kwenye picha. Mimi sijawahi kuona picha ndogo namna hiyo yenye usiku mwingi hivyo, kwa mistari michache tu na rangi nne tano.

Mchoro wa kisasa unakuambia uhisi nini, mtu analia, mvua inanyesha, umeelewa. Wa Marseille haukuambii, nyuso zote kavu, shetani na malaika wana sura zinazokaribiana, inabidi uangalie mwenyewe. Nadhani ndo maana wachoraji na waandishi wamezing'ang'ania. Wakati wa vita, 1940 mpaka 1941, mwandishi wa Kifaransa André Breton na wenzake walikuwa wamekwama Marseille wakisubiri viza za kukimbia Wanazi, na wakiwa pale wakajichorea jozi yao, wakafukuza wafalme wote, aina zao zikawa upendo, ndoto, mapinduzi na elimu. Ipo makumbusho ya Cantini palepale mjini.

Karata ya XIII ni kifo?

Ndio ni kifo, acha kubembelezwa kwamba eti ni "mabadiliko". Ni mifupa ya mtu inafyeka kwa fyekeo la mpini mrefu, chini udongo mweusi una vichwa, mikono na mguu, na kichwa kimoja kina taji. Kwenye jozi nyingi za mtindo huu nafasi ya jina imeachwa tupu, turufu zote zina jina isipokuwa hii. Noblet aliandika kabisa Kifo, wengi waliokuja baadaye hawakuandika. Kwenye mchezo ni turufu ya 13 tu, inaliwa na ya 14.

Na yule aliyening'inizwa kwa mguu alifanya nini?

Ni msaliti. Majina ya zamani ya Kiitalia yanamuita hivyo, Traditore. Kwenye miji ya Italia kulikuwa na adhabu ya kuchorwa ukutani. Kama umesaliti mji au umekimbia na deni na hawakupati, serikali inamlipa mchoraji anakuchora unaning'inia, mara nyingi kichwa chini, kwenye ukuta wa jengo la serikali ambapo kila mtu anapita. Aibu hiyo inabaki miaka. Florence 1440, mwaka uleule wa daftari la Giusto, Andrea del Castagno aliwachora hivyo maadui wa Medici, ukoo uliokuwa umeushika mji, mpaka yeye mwenyewe akapachikwa jina la Andrea wa Walionyongwa.

Kinachonifurahisha zaidi ni cha Muzio Attendolo Sforza, jenerali wa kukodiwa. Mwaka 1412 alimwacha mkono Yohane XXIII, yule aliyekuwa anagombania upapa, akahamia kwa adui, na huyo akaamuru achorwe Roma akiwa ananing'inia kwa mguu. Mtoto wa Muzio ndo Francesco Sforza, mtawala wa Milano, mwenye ile jozi ya dhahabu niliyoitaja juu. Na humo ndani karata ya aliyening'inizwa ipo, imetulia, mikono nyuma, nywele zinaning'inia. Fikiria Francesco kagawiwa hiyo mezani na wageni wanamwangalia.

Papa mwanamke? Kanisa halikulalamika?

La Papesse, namba II, kavaa taji la ngazi tatu, kitabu mapajani. Nani hasa bado watu wanabishana, wengine wanasema ni ile hadithi ya Papa Yohana mwanamke, wengine wanasema ni mfano wa Kanisa au wa Imani. Kelele zilikuwepo ndio. Upande wa Besançon, Alsace na Uswisi jozi nyingi zilimtoa yeye na Papa wakawekwa Juno na Jupita, miungu ya Kirumi, ili asikasirike Mkatoliki wala Mprotestanti na karata zinunuliwe. Kule Rouen na Ubelgiji wakaweka kapteni Mhispania na Bakus mungu wa pombe kakaa juu ya pipa.

Bologna ndo kali zaidi, 1725. Padri mmoja alichapa taroti yenye maelezo ya jiografia, akaandika kwamba Bologna ina serikali ya mchanganyiko, wakati mji ulikuwa chini ya Papa. Mwakilishi wa Papa akawaka, padri akakamatwa. Mwisho wakakubaliana yaishe kimyakimya, lakini wale mapapa na wafalme wanne kwenye taroti watolewe wawekwe Wamoor wanne, yaani watu wa Afrika kaskazini. Mpaka leo Bologna wanacheza na Wamoor wao.

Tofauti yake na ile ya Rider-Waite?

Ile ya kwenye filamu ni ya London 1909, Arthur Edward Waite alielekeza na Pamela Colman Smith akachora. Ilitengenezwa kwa ajili ya utabiri, kila karata ina tukio. Waite alibadilisha pia namba, Haki ilikuwa VIII akaipeleka XI, Nguvu akaileta VIII, ili zikae sawa na unajimu. Kwenye ya Marseille panga tatu ni panga tatu tu na maua, basi, kwa Smith ni moyo umechomwa na mvua inanyesha. Smith ni mchoraji mzuri mno na alilipwa kidogo, hilo sina ubishi nalo. Ila kwa macho yangu za Marseille zina nguvu zaidi.

Nani aliirudisha kwenye chati?

Paul Marteau wa kampuni ya Grimaud, Paris. 1930 alitoa jozi kwa msingi wa Conver lakini kwa rangi chache za viwandani za karne ya 19, buluu nzito, nyekundu, njano, na hiyo ndo Wafaransa wengi wamekua wakiiona. Karakana ya Conver iliangukia kwa ukoo wa Camoin, ikafungwa miaka ya 1970. 1997 Philippe Camoin na mtengeneza filamu Alejandro Jodorowsky walitoa jozi yao wakidai wamerudisha alama zilizopotea. Nzuri kuangalia, ila baadhi ya hizo alama nadhani zilipotelea kwenye vichwa vyao.

Ninunue ipi sasa?

Kama ni ya kwanza chukua nakala ya Conver, zipo za watengenezaji wengi. Kama unapenda kitu kikavu cha zamani tafuta Noblet au Dodal zilizochorwa upya na Jean-Claude Flornoy, rangi zake ni tamu. Noblet onya watoto, yule mwendawazimu wake nguo imechanika sehemu mbaya. Kwa bure kabisa maktaba ya taifa ya Ufaransa imeweka picha za jozi nyingi kwenye tovuti yake ya Gallica, unakuza mpaka unaona alama za ubao. Uchapishe kwenye karatasi ngumu ukate mwenyewe, ndo walivyokuwa wanafanya.

Ukifika Ufaransa kuna makumbusho ya karata Issy-les-Moulineaux nje kidogo ya Paris.

Wafaransa bado wanacheza?

Sana, wanafunzi, wanajeshi, wazee, kuna shirikisho la taifa tangu 1973. Ila wanatumia jozi nyingine, 78 zilezile lakini zenye mioyo na maua, na turufu zina picha za watu wanapiga pikiniki na kucheza dansi, hamna shetani. Hizo za Marseille ukiwawekea mezani wengi watakuuliza kama unatabiri.

Sheria zao ukitaka kujaribu nyumbani na hizi hizi: watu wanne, kila mtu karata 18, sita zinabaki katikati. Mmoja anajitangaza kucheza dhidi ya watatu, anachukua zile sita na kutupa sita pembeni, hizo anazotupa zinahesabiwa zake lakini haruhusiwi kutupa mfalme, turufu ya 1, ya 21 wala mwendawazimu, na turufu nyingine atatupa pale tu akikosa kingine, tena kwa kuwaonyesha wenzake. Ukipigwa turufu lazima upande juu kama unayo kubwa. Turufu ya 1, ya 21 na mwendawazimu ni pointi nne na nusu kila moja, wafalme hivyohivyo, malkia tatu na nusu, farasi mbili na nusu, ghulamu moja na nusu, nyingine zote nusu, jumla 91. Akiwa na zile tatu kubwa anahitaji 36 kushinda, akiwa nazo mbili 41, moja 51, hana hata moja 56. Kupanda ni lazima kwenye turufu tu, kwenye aina za kawaida hulazimishwi kupanda, kufuata tu.